Ugali Huu Una Umri Gani?

Nilimwambia mwanangu maneno mabaya huku nimeshika tonge. Alikuwa amerudi na daftari la hesabu lililojaa wino mwekundu, nami bila kufikiri nikamtupia kauli ambayo mama yangu alinitupia mimi, na huenda nawe uliwahi kutupiwa: "Usiposoma utaishia kulima." Kisha nikachovya tonge kwenye maharage, nikala.

Mtoto akaitazama sahani yake. "Mama," akauliza, wala hakuwa ananidhihaki, "kwa hiyo waliolima haya maharage walifeli?"

Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule. Lakini swali lake lilinionyesha jinsi watoto wetu wa mjini wanavyokutana na kilimo kwa mara ya kwanza: kama kitisho. Baadaye, shuleni, wanakutana nacho kama jibu la mtihani. Muulize mtoto wa darasa la tatu atakuambia kwa sauti moja na wenzake kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mpeleke mbele ya shina la karanga, atazitafuta karanga matawini.

Simlaumu. Unga wake unatoka dukani kwa Mangi, na kwa Mangi unga upo tu, asubuhi na usiku, masika na kiangazi. Nyuma ya ule mfuko kuna watu walioamka alfajiri na kuna miezi ya kungoja, na vyote viwili mji umevificha. Watu, mtoto anaweza kuwaona kwenye picha ya kitabu. Kungoja hakuna picha. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu ni mmoja, na mengine yote humu yanatokana nao: kabla hujamfundisha mtoto kulima, mfundishe kwamba kila kilichomo sahanini kina umri.

Anzeni na sahani iliyo mbele yenu

Mchezo huu hauna gharama. Siku moja katika wiki, mkishakaa kula, chagueni kitu kimoja na kila mtu akisie umri wake, tangu mbegu ilipoingia ardhini hadi leo. Usikimbilie kutoa jibu. Waache wabishane, maana mtoto aliyebisha hasahau.

Mchicha ni kitoto kichanga, una wiki tatu au nne. Maharage yana kama miezi mitatu. Mahindi ya huku Pwani yana mitatu na nusu au minne, lakini yaliyolimwa kwenye baridi ya Njombe au Makete yanaweza kupita miezi sita. Kitunguu, tangu kitaluni, kina minne hadi mitano. Sukari iliyomo kwenye kikombe imetoka kwenye muwa uliosimama shambani mwaka mmoja, pengine mmoja na nusu. Mche wa chai hungojewa kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa kwa mara ya kwanza. Na tui? Kutoka ua hadi nazi iliyokomaa ni kama mwaka mzima, na mnazi wenyewe, ukiwa ni ule mrefu wa asili, ulingojewa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mwambie mtoto wa miaka minane kwamba wali anaoula una kitu kilichopandwa kabla yeye hajazaliwa, kisha mtazame usoni.

Mdogo ambaye hajui miezi, mhesabie kwa maisha yake mwenyewe. "Haya mahindi yalipandwa kabla ya Idi." "Mche huu ulichipua wakati wewe hujang'oka jino." Miezi minne haimwingii akilini, lakini jino lake analikumbuka.

Baada ya wiki kadhaa, mtegee chumvi. Atakisia mwezi, atakisia mwaka, mpaka agundue kwamba chumvi haikupandwa: ni maji ya bahari yaliyokaushwa na jua kwenye mabwawa ya pwani, au maji ya chumvi yatokayo ardhini kule Uvinza, Kigoma. Halafu mtegee dagaa. Hapo atajua kwamba si kila chakula kimepitia kwenye jembe, na kwa kujua hilo atakiona vizuri zaidi kile kilichopitia.

Jikoni kuna somo zima

Mpe mtoto ungo wa maharage achambue. Mwache akutane na jiwe, na punje iliyotobolewa, na yenye rangi ya ajabu. Muulize: nani alipaswa kuliona jiwe hili kabla yetu? Atakutajia mfanyabiashara, kisha mbebaji, kisha mwisho kabisa atafika kwa mtu aliyepura maharage kwenye uwanja wa udongo. Amekwisha kusafiri kinyumenyume hadi shambani, na maharage bado hayajainjikwa.

Punje mbili tatu zisiende chunguni. Ziwekeni kwenye gilasi, katikati ya kioo na karatasi ya chooni iliyoloweshwa, ili mtoto azione kwa nje. Baada ya siku mbili hadi nne mzizi utachomoza kabla ya jani. Ukishakuwa na urefu wa ukucha, laza gilasi ubavu. Kesho yake mzizi utakuwa umejipinda kuelekea chini. Hakuna aliyeuambia chini ni wapi.

Kisha mpeleke mashineni. Msinunue unga wa mfuko kila siku. Nunueni mahindi kilo tano, mwende naye akaone kukoboa na kusaga. Mwonyeshe tofauti: dona ni punje nzima, sembe ni punje iliyovuliwa ganda na kiini. Muulize ganda na kiini vimekwenda wapi. Hiyo ni pumba, na pumba ni chakula cha kuku na ng'ombe. Kuku wa mayai hula zaidi kidogo ya gramu 100 za chakula kwa siku, na ndani ya chakula hicho kuna pumba, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Akila hivyo huweza kutaga karibu kila siku, lakini kwanza alilishwa kama miezi mitano bila kumpa mwenyewe hata yai moja. Kwa hiyo yai la asubuhi limebeba ndani yake shamba la mahindi, shamba la alizeti la Singida au Dodoma, na ziwa. Maganda ya yai na ya ndizi yakirudi kwenye ndoo ya mboji, mtoto ataona kwamba njia hii inazunguka.

Sokoni mwende na ramani

Wengi wetu huwaacha watoto nyumbani tunapokwenda sokoni, kwa sababu ya msongamano na matope. Chagua siku ya asubuhi mapema, mchukue mmoja, na umpe kazi: kwa kila unachonunua, yeye ndiye atakayeuliza, "Shikamoo mama, hizi zimetoka wapi?" Wauzaji hupenda kuulizwa na mtoto. Nimeona mchuuzi mkali akigeuka mwalimu wa jiografia.

Mtakaporudi, bandikeni ramani ya nchi ukutani na mtoto atie alama. Machungwa, Muheza. Mananasi, Kiwangwa. Vitunguu, Ruaha Mbuyuni au Mang'ola. Nyanya, Ilula. Viazi mviringo, Njombe. Mchele, Kyela au Ifakara. Zabibu, Dodoma. Ndizi za soko la Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi, nyingine Rungwe na nyingine Kilimanjaro. Baada ya miezi miwili ramani itakuwa imejaa, na mtoto ataanza kuuliza mwenyewe kwa nini machungwa hayakutoka Dodoma. Hapo ndipo somo la mvua, joto na udongo linapoingia bila kulazimishwa.

Kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea, msiishie kwenye ramani. Waonyesheni lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, na bado mkulima akalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mpe mtoto hesabu: ikiwa gunia lina kilo 130 na mkulima amelipwa za kilo 100, amefanya kazi ya bure kiasi gani? Hesabu ileile iliyomletea wino mwekundu, akiikuta hapa, ataifanya kwa hasira, na kwa usahihi.

Mwonyeshe pia kwamba bei ina majira. Andikeni kwenye daftari bei ya sado moja ya nyanya kila mwisho wa mwezi. Itapanda, itashuka. Mtoto atataka kujua sababu, na sababu nyingi ataikuta angani na shambani, nyingine barabarani.

Hata shati lilikuwa shambani

Watoto wakishazoea mchezo wa umri wa chakula, utoe nje ya jiko. Kanga ya pamba ya bibi ilianza na mpamba, zao la Simiyu, Shinyanga na Mwanza ambalo hukaa shambani miezi mitano au sita, na ambalo wazee waliliita dhahabu nyeupe. Kamba ya katani inayofunga godoro kwenye kirikuu ni jani la mkonge. Mkonge wetu ulianza na miche 62 iliyonusurika safari ndefu ya meli kufika Tanga mwaka 1893, na mche wake hungojewa kama miaka mitatu kabla ya kukatwa majani ya kwanza. Daftari la shule ni mti. Dawa nyingi za kufukuza mbu zina pareto, au zimeigiza pareto, ambayo ni ua jeupe la nyanda za juu. Karafuu anayotiwa mtoto kwenye jino linalouma, au kwenye pilau la sikukuu, ni ua la Pemba na Unguja lililochumwa kabla halijachanua.

Jioni moja ya mvua, umeme umekatika, mpeni kila mtoto kazi ya kutafuta chumbani kitu kimoja ambacho hakijawahi kuguswa na mkulima. Watakimbilia plastiki na vyuma, na wako sahihi. Mwache pia atakayeleta kiatu abishane: soli ni ya nini, kamba ni za nini, ngozi ilikuwa ya nani?

Pandeni kitu, hata kama hamna uwanja

Nimeacha kupanda mpaka sasa kwa makusudi. Wazazi wengi huanza hapa, mbegu ikichelewa kuota mtoto anachoka, na somo linafia kwenye kopo. Mtoto aliyekwisha cheza mchezo wa umri anajua tangu mwanzo kwamba kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Anzeni na mchicha, kwa sababu hauchoshi. Ndoo chakavu ya lita 20, itobolewe chini ili maji yasituame. Udongo sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, zichanganyeni na mchanga mkavu kabla ya kuzinyunyiza, kisha zifunikeni kwa udongo mwembamba tu. Mwagilieni taratibu, asubuhi au jioni. Ndani ya siku chache zitachomoza. Punguzeni zilizosongamana, na hizo mlizong'oa msizitupe, ni mboga.

Mwenye kipande cha uwanja, hata cha ukubwa wa mkeka, apande mahindi msimu wa mvua ukianza. Lakini asipande shina moja la maonyesho. Mahindi huhitaji jamaa: chavua hudondoka kutoka kwenye mbelewele za juu na kubebwa na upepo hadi kwenye ndevu za jirani, na kila unywele wa ndevu umeungana na punje moja. Unywele usiopata chavua, punje yake haijai. Mkitaka mtoto asisahau maisha yake yote, funikeni kitoto kimoja cha muhindi kwa mfuko wa karatasi kabla ndevu hazijatokeza, muuache hivyo. Siku ya kuvuna, menyeni huo pamoja na mwingine. Mmoja utakuwa na punje, mwingine gunzi tupu.

Kando ya mahindi, wekeni maharage au karanga. Mmea wa maharage ukishaanza kutoa maua, ng'oeni mmoja taratibu na muoshe mizizi: mtaona vinundu vidogo, na vilivyo hai vikipasuliwa huwa na rangi ya waridi ndani. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Bibi zetu hawakuwa na jina la bakteria, lakini walichanganya maharage na mahindi. Na karanga itakuonyesha mwujiza wake yenyewe: ua huchanua juu, kisha hutuma kijiti chini, kikazama ardhini kwenda kuzalia huko.

Msifiche hasara. Kuku akifukua, viwavijeshi wakitafuna, mvua ikikatika, kaeni na mtoto mkahesabu kilichopotea. Viwavijeshi vamizi waligunduliwa barani Afrika mwaka 2016, na kuna mkulima ambaye shamba lake ndilo lilikuwa ada ya shule. Mtoto aliyepoteza miche mitatu anaweza kuanza kumwelewa. Ila dawa za kuulia wadudu mtoto asiziguse kabisa, wala chupa zake zisigeuzwe za maji. Kwenye bustani ya nyumbani, viwavi waokoteni kwa mkono.

Jembe lisiwe fimbo

Sasa nirudi kwenye kauli yangu mbaya. Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo: watoto wapange, wapime, wavune, waone faida ya jasho lao. Shuleni kwangu, miaka mingi baadaye, shamba lilikuwa pa kupelekwa waliochelewa. Tulipimiwa vipande kwa hatua za mwalimu wa zamu, mtundu zaidi akipata kipande kirefu zaidi. Hakuna aliyetuambia tunalima nini wala kwa nini. Nilimaliza shule nikijua jembe kama ndugu wa fimbo, na ndicho nilichomrithisha mwanangu mezani.

Kwa hiyo: usimwadhibu mtoto kwa kumlimisha. Akikosea mpe adhabu nyingine. Na ukitaka kumhimiza asome, mwambie ukweli kwamba mkulima anayejua hesabu haibiwi kwenye mizani, na anayesoma vizuri haweki mbolea wala dawa kwa kubahatisha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisikia kama karipio kwa mgeni mvivu. Mimi huisikia pia hivi: siku ya tatu si mgeni tena, ni wa nyumbani, na wa nyumbani ana zamu. Mkienda kijijini likizo, msimfanye mtoto mtalii wa kupiga picha na ng'ombe. Mpeni zamu ya umri wake: kuokota mayai, kupepeta, kupalilia mistari miwili asubuhi kabla jua halijawa kali. Saa moja inatosha. Kazi isiyozidi nguvu zake wala kumtoa shuleni ni mafunzo. Inayozidi hapo ina jina jingine.

Wasio na nauli ya kijijini wana simu. Mpigieni bibi au babu, au jamaa yeyote anayelima, na mtoto ndiye azungumze. "Shikamoo bibi. Mvua imeanza huko? Umepanda nini? Mwaka jana ulipata magunia mangapi?" Kule kwenye vuli na masika atapata majibu mara mbili kwa mwaka, lakini nyanda za juu kusini msimu ni mmoja mrefu, kuanzia karibu na Novemba. Mwacheni bibi ajue kwamba anaulizwa kama mtaalamu. Wengi wao hawajawahi kuulizwa hivyo na mjukuu wa mjini.

Sisi tulipanda mashimo 12 nyuma ya nyumba, masika yalipoanza. Mawili yalifukuliwa na kuku wa jirani, mche mmoja ukaliwa na viwavi. Julai tukavuna mahindi tisa. Yalipokauka tukayapukuchua, na hayakufika kilo moja. Ningeona haya kuyapeleka mashineni. Tukaazima kinu, tukatwanga kwa zamu, tukapepeta, tukatwanga tena, tukachekecha. Mikono ilituuma wote. Ulipatikana unga wa sufuria moja.

Tuliula ule ugali kwa dakika zisizozidi kumi na tano. Mwanangu alihesabu vidole, akasema, "Miezi minne," kisha akakwangua ukoko hadi sufuria ikalia. Alipomaliza alichukua pumba tulizozikusanya kwenye kopo, akatoka nazo. Nilidhani anakwenda kuzitupa. Alikwenda kuwamwagia kuku wa jirani, walewale waliofukua mashimo yetu, akarudi akakaa kizingitini.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Yai," akasema.